Mlango wa Pikapu ya Elva

Verlie Hosking ana kichwa kigumu, na hapa Moonta Bay, pwani ya Australia Kusini, hilo halimshangazi mtu. Aliendesha basi la shule tangu ujana mpaka goti lilipomgomea, na muda wote huo hakuna mtoto aliyethubutu kusimama basi likitembea. Mumewe alikwenda Queensland kuvua samaki akasahau njia ya kurudi, na Verlie hakujisumbua kumkumbusha. Sasa mtu wa namna hiyo akitangaza kwamba ataifufua pikapu ya mama yake, uani kwake, kwa mikono yake mwenyewe, cheka ukitaka, lakini nenda ukachekee kwako.

Pikapu yenyewe ni Holden ya mwaka hamsini na tatu. Ilikaa nyuma ya nyumba miaka nenda miaka rudi, bahari iko mwisho wa barabara, na chumvi ikaila taratibu bila mtu kuiambia acha. Madigadi yalitoboka. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Garfield, mdogo wake Verlie, mkulima wa shayiri na mtu wa mzaha tangu azaliwe, aliizunguka mara moja akavua kofia kama yuko msibani.

"Dada, hii si gari tena. Hii ni kutu iliyoshikana mikono."

"Nikikuhitaji nitakuita."

"Na usiponiita?"

"Ujue sikuhitaji."

Mwenye gari ni mama yao, Elva, bibi wa miaka tisini anayekaa chumba cha mbele kwa Verlie. Kwa pikapu hiyo alipeleka barua za posta katika mashamba yote ya upande huu, enzi ambazo wanaume walitoka nje kutazama kama kweli ni mwanamke anayebadilisha gurudumu. Alilibadilisha, akawapa barua zao, akaenda zake. Leo Elva ana presha ya macho. Dunia imemfungia pembeni kidogo kidogo, amebakiwa na kitundu cha katikati, na kwa wakati mmoja haoni zaidi ya kipande chenye upana wa sahani ya chai. Daktari wa Adelaide alisema bila kuzunguka kwamba baridi ikiingia, hata hicho kitundu kitakuwa kimeziba.

Siku waliyotoka kwa daktari, Elva alifika nyumbani akakaa garini, hakushuka. Si mtu wa kuomba. Akasema tu, "Ningependa kuiona ile bluu ya pikapu yangu tena. Basi." Halafu akauliza kama kuna pasti ya nyama iliyobaki.

Kesho yake Verlie aliwafukuza kuku.

Kazi ile watu huiita kupiga mchanga, ingawa siku hizi hamna mchanga ndani yake. Mchanga ukipasuka hutoa vumbi linalomaliza mapafu, na ulishapigwa marufuku. Kinachotumika ni ganeti, vijiwe vyekundu vilivyosagwa, vinakuja kwa magunia. Kompresa inasukuma upepo, upepo unabeba vijiwe, bunduki inavirusha, kutu inakimbia. Verlie alikodi kompresa kubwa, akajipatia lile kofia la kufunika kichwa chote, lenye kioo mbele na mpira wa kuleta hewa safi, akatandika maturubai uani ili vijiwe visipotee, akaanza na vitu vinene: chesisi, bampa, rimu za magurudumu. Na acha nikuambie, ni raha. Unaelekeza bunduki kwenye kitu ambacho umeshakikatia tamaa, kofia linapigwa kama bati siku ya mvua ya mawe, na chini ya ule uozo kinatokea chuma cha kijivu, safi, kama hakijawahi kuonana na bahari. Verlie alikuwa akitoka humo na vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio, anatabasamu peke yake.

Ila pwani hii ina masharti yake. Chuma kikishapigwa kiko uchi. Asubuhi ukivuma upepo wa kaskazini, ule mkavu wa kutoka bara, unaweza kufanya kazi kwa raha zako. Mchana upepo unageuka, unakuja kutoka baharini na unyevu na chumvi, na chuma ambacho hujakipaka praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kitakuwa rangi ya chungwa kabla hujamaliza chai yako. Kwa hiyo Verlie aliacha kuangalia saa, akaangalia upepo. Kaskazini ukivuma alivaa kofia. Ulipogeuka, yeye alikuwa ameshapaka, ameshanawa, amekaa. Siku ambazo kaskazini haukuja kabisa alishinda akisugua vitasa kwa msasa na kuitukana hali ya hewa kwa sauti ya chini, maana mama yake yuko dirishani.

Boneti ikaisha. Madigadi yakazibwa mashimo, yakaisha. Mlango wa dereva aliuacha mwisho kwa makusudi. Mlango ni bati pana na jembamba, ndio wenye kazi ya hatari kuliko yote, naye alitaka mkono uwe umeshakomaa. Tena huo ndio mlango wa Elva, ule aliokuwa akiegemeza kiwiko dirishani akipita, ukikiona kiwiko unajua barua zimefika.

Siku Verlie alipokwenda mji wa Kadina kununua rangi, akamchukua na mama yake garini apate kutembea, Garfield alipita. Sasa Garfield si mtu mbaya. Alikuta mlango umelala kwenye meza, upepo wa kaskazini unavuma vizuri, dada hayupo, akasema ngoja nimfanyie jambo la kumfurahisha. Akatazama ganeti, akaona imebaki kidogo. Hapo ndipo yalipomwingia mawazo ambayo kila aliyekulia pwani hii yamemwingia angalau mara moja: kwa nini mtu anunue vijiwe kwa gunia, na mchanga uko mwisho wa barabara, mweupe, laini, wa bure? Akachukua ndoo.

Verlie alirudi akamkuta kasimama kando ya mlango, mikono kiunoni, kama amejenga kanisa.

"Usiseme ahsante bado," Garfield akasema. "Utazame kwanza."

Verlie alitazama. Bati lilikuwa limevimba katikati kama mkate uliochacha. Garfield alikuwa ameupiga moja kwa moja, karibu, kwa upepo wote, na bati jembamba ukilipiga hivyo linatanuka, halina pa kwenda ila kubenuka. Verlie aliinama. Alipitisha kidole juu ya chuma, akakilamba.

"Garfield. Mchanga huu umeutoa wapi?"

"Wapi tena? Si hapo chini. Mwingi tu."

"Una akili wewe, au una kofia tu?"

"Nini sasa?"

"Chumvi, Garfield. Umekipigilia chuma chumvi. Na hukufunga hata kitambaa puani, mjinga wewe, unataka nikuzike?"

Wakati wa chai mlango mzima ulikuwa wa chungwa. Verlie aliingia bandani, akakaa juu ya gunia la ganeti, akalia. Hakulia kwa sababu ya bati. Majira ya joto yalikuwa yanakwisha, upepo wa kaskazini ulikuwa unakuja kwa nadra, na asubuhi hiyohiyo mama yake alikuwa amekikosa kikombe mezani akashika hewa, akajifanya anapangusa meza.

Garfield alipotea siku kadhaa, na aliporudi alikuwa na mlango nyuma ya gari. Alikuwa ameutoa kwa mkulima mmoja huko juu kaskazini, ambako kumekauka na magari hayaozi. Mlango mzima, hauna hata kovu.

"Funga huu," akasema, hata mzaha hakuutia. "Nisamehe, dada. Ufunge, upake rangi, wiki hii gari imekwisha."

Verlie aliupapasa. Ulikuwa mlango mzuri, asiyesema hivyo ni mwongo. Angeufunga, watu wote wa Moonta Bay wangepita wasitambue.

"Mama hakuendesha na mlango wa mtu mwingine," akasema.

"Mama haoni, Verlie."

"Mimi naona."

Basi akaanza upya. Aliuosha mlango kwa maji ya moto yasiyo na chumvi, akaukausha, akaulamba, akauosha tena, mpaka ulimi ukaridhika. Kisha akaanza kuunyoosha, nyundo mkono huu, kipande cha chuma cha kuegemeza upande wa ndani mkono ule. Pale bati lilipokataa kurudi, alichoma doa dogo hadi likawa jekundu, akalibandika tambara la maji, chuma kikanywea. Doa moja, halafu jingine. Alikuwa akifumba macho na kuupapasa kwa kiganja, maana jicho hudanganyika na mwanga lakini kiganja kinakwambia ukweli. Bega likamuuma akawa anachana nywele kwa mkono wa kushoto. Garfield alipewa injini, kwa sababu kwenye injini ana mkono mzuri na huko hakuna mchanga. Akaiwasha siku ya pili, ikakohoa ikatulia, naye akatembea kifua mbele kuzunguka ua mzima.

Kaskazini ulirudi asubuhi moja, dhaifu, wa kubembeleza. Verlie akamtuma Garfield mwisho wa barabara.

"Simama pale utazame bahari. Maji yakianza kukunjamana kuja huku, piga honi."

"Na nikiona mchanga?"

"Ukirudi na ndoo nitakupiga nayo."

Akavaa kofia. Safari hii alipunguza upepo wa kompresa, akasimama mbali, akaishika bunduki kwa mshazari, vijiwe vikapita juu ya bati kama mtu anayefagia. Hakutulia mahali pamoja. Kijivu kikatoka kidogo kidogo, kutoka bawaba mpaka kitasa. Alikuwa ndiyo kwanza ameweka bunduki chini honi ikalia. Hakuvua hata kofia. Alichukua praima akapaka akiwa na vumbi lake vilevile, upande wa nje, upande wa ndani, kingo, na unyevu wa bahari ulipofika uani ulikuta mlango umeshavaa nguo.

Mlango nao ukapakwa bluu kama sehemu nyingine zote, ukafungwa mahali pake. Gari haikuwa na namba bado, haikuruhusiwa barabarani, kwa hiyo waliibeba kwa trela mpaka shambani kwa Garfield, ambako shayiri ilikuwa imevunwa na udongo unasubiri mvua. Wakamleta Elva kwa gari nyingine. Alishuka kavaa glavu zake za kanisani.

Hakuiona pikapu. Hawezi kuona pikapu, anaona sahani moja ya pikapu. Akaanzia bampa la mbele, akainama, akatazama kipande, akasogea, akatazama kingine. Boneti. Taa. Madigadi, juu, chini, mpaka ndani kunakorukia matope, ambako hakuna mtu anayetazama. Verlie alimfuata nyuma, mikono kaikunja mgongoni, akitazama kila mama yake alipotazama, maana watu wengine wote wangeiona gari nzima wakasema nzuri, lakini huyu hakuacha hata upana wa kiganja.

Kwenye mlango Elva alisimama. Akaweka shavu karibu na bati, akatazama mwanga unavyotambaa juu yake.

"Huu umenyooshwa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Uliharibika?"

"Uliharibika."

"Ni mimi, Mama," Garfield akasema.

"Najua ni wewe. Nani mwingine?" Elva hakugeuka. "Na aliyeunyoosha?"

"Mimi," Verlie akasema.

Elva akageuka kumtafuta. Ilimchukua muda. Alipata bega, akapata kidevu, akapanda taratibu mpaka akayafikia macho, akatulia hapo.

"Siku nilipoichukua mpya haukuwa umenyooka hivi," akasema. "Nilikwenda kulalamika."

Verlie Hosking, mtu wa kichwa kigumu, alijisikia mrefu kuliko mlingoti wa umeme.

Elva alishafungua mlango na kukaa. Akavua glavu.

"Mama," Verlie akasema, "pa abiria ni upande ule."

"Napajua. Nenda ukakae."

Verlie akamtazama Garfield. Garfield akayatazama mawingu. Basi Verlie akazunguka, akapanda, akafunga mlango. Elva aliwasha, akapeleka mkono kwenye rungu la gia la usukani, akalipata bila kutafuta, akaachia klachi kwa ustadi wa mtu aliyeiacha jana. Wakaondoka. Gia ya pili. Mabua yakawa yanakatika chini yao, na kiwiko cha Elva kikatoka dirishani.

Verlie alikuwa ameweka mkono karibu na usukani, tayari.

"Mbele kuna nini?" Elva akauliza.

"Mabua tu, Mama. Mabua mpaka kwenye uzio."

"Na uzio uko mbali?"

Verlie akatazama. Akaurudisha mkono wake pajani.

"Mbali," akasema.

Elva akatia gia ya tatu.