Utepe wa Con Hanratty

Con Hanratty hakutaka makuu. Alitaka utepe tu, ule mpana wa kijani wenye nyuzi za dhahabu, anaouvaa begani kiongozi wa gwaride la Waayalandi pale Tolliver Beach, New Jersey, kila Septemba, wageni wa kiangazi wakishaondoka na wenye hoteli wakianza kukumbuka ghafla kwamba babu zao walitoka Ayalandi. Ungemwuliza angekuambia hautaki. Huko ndiko kuutaka kwenyewe.

Tangu ujana wake wa ufundi bomba hadi alipostaafu, kazi yake katika gwaride ilikuwa kupanga nani atangulie na nani afuate, kipaza sauti mkononi, sauti imemkauka. Ndiye aliyeamuru farasi wawe mwisho, baada ya mwaka ule madiwani walipotembea nyuma yao na viatu vyeupe. Utepe wakapewa wenye baa, mapadri, na bwana mmoja aliyechangia vyoo vya muda. Con alipiga makofi kwa kila mmoja wao, na moyoni alikuwa anaungua.

Sasa, chama cha Waayalandi kinachoandaa gwaride kina adabu zake. Ukijiwa kuombwa uongoze, unakataa, unasema hustahili. Ukiombwa tena, unataja mtu bora kuliko wewe. Mara ya tatu unashusha pumzi na kusema haya basi, kwa kuwa mmenilazimisha. Anayekubali papo hapo ataitwa mroho mpaka siku anazikwa. Con alikuwa ameufanyia mazoezi ukataaji wake mbele ya kioo cha bafuni, na mkewe Rosetta alimsikia mlangoni, akaendelea kushona. Rosetta ni Mtaliano, binti wa Pascuzzi wa duka la samaki. Tepe zote za chama, tangu waoane, ni kazi ya mikono yake, na mikate ya magadi ya Kiayalandi ya sherehe pia.

Mwaka huu aliyekuja alikuwa Skip Lindgren, mwenyekiti mpya, mwenye hoteli aliyehamia kutoka Arizona. Damu yake ni ya Kiswidi tupu, ila ana vyumba vingi vya kujaza. Akaketi jikoni, akamiminiwa chai.

"Mzee Con, tumekaa tukaamua," akasema. "Tunataka wewe uongoze gwaride."

 Con akajikausha. "Mimi? Acha utani wako, Skip. Mimi sistahili hata kidogo."

"Dah." Skip akaweka kikombe chini, amesikitika kweli. "Haya, nakuheshimu, mzee. Hatuwezi kukulazimisha."

Kukataa kwa pili Con alikuwa nako tayari, ila hakuna aliyemwomba tena. Kumwambia mtu hebu niulize tena ni aibu ambayo hakuna Hanratty aliyewahi kujitia. Akamtazama Rosetta. Neno moja la mkewe lingetosha: huyu anataka, mwulize tena. Rosetta aliijua adabu ile kuliko hao mapadri.

Skip naye akageukia hukohuko. "Na wewe, mama? Tepe zote hizi umezishona wewe. Hujawahi kufikiria kuvaa mmoja?"

"Nakubali," akasema Rosetta. "Tunaanza saa ngapi?"

Siku zilizofuata Con hakusema na mkewe ila kuomba chumvi. Kule baa wakamkalia kooni. "Con, tunasikia nyumbani kwako kuna mkubwa mpya." Akawajibu kwamba amempisha mwenyewe, kwa mapenzi. Hakuna aliyemwamini, na wote walimnunulia bia kwa huruma, jambo lililomuuma zaidi.

Siku ya gwaride, mume au mke wa kiongozi hutembea nyuma yake kumshikia koti. Con akashika koti, na mkoba juu yake. Mbele yake Rosetta alikwenda na utepe begani, akipunga mkono huku na huku, na watu wakiliita jina lake, hata wauza soseji waliacha majiko yao. Karibu na bahari wapiga zumari wakapumzika kidogo, Con akasogea.

"Ulijua nilikataa kwa adabu tu," akanong'ona.

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinifanyia vile?"

Rosetta hakugeuka. Alikuwa anampungia bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. "Kila mwaka nikimaliza kuushona nauvaa kidogo, pale chumbani, kabla hujarudi. Hukuwahi kuniuliza kama nautaka."

"Si ungeniambia."

"Ungeniuliza, Con. Mara moja tu ingenitosha."

 Con akajaribu kukumbuka kitu chochote, ukiacha chai, alichowahi kumwuliza mkewe kama anakitaka. Zumari zikalia tena, gwaride likasonga, naye alikuwa bado anatafuta walipofika jukwaani na watu wote wakasimama kumshangilia Rosetta.