Jino Langu na Lori la Kahawa

Nawataja kabisa: dereva Bashubula na shemeji yangu Kamugisha. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia ya kahawa, lori likiteremka mlima wa Nyakakika, mara nikarushwa mbele, jino likatoka. Nyuma yangu alikuwa Kamugisha tu. Nikamshtaki kwa wazee kwamba kanisukuma, alipe faini ya pombe ya rubisi.

"Shemeji, ni breki ile!" akajitetea Kamugisha.

"Breki ina mikono?"

Wazee wakapanda nasi lori lilelile kupima ukweli. Nikakaa nyuma kabisa, peke yangu. Bashubula akafunga breki. Nikaruka, nikatua mapajani mwa mama mkwe, aliyepanda nasi kumtetea mwanawe Kamugisha. Kwetu hata kumpa mkwe mkono ni mwiko.

"Baba," akauliza mkwe, kajifunika uso kwa kanga, "na sasa kakusukuma nani?"

Nikageuka kutazama. Nyuma palikuwa na barabara tu.