Mlio wa Gesi

Kwenye kiwanda cha maziwa walimwita Mzee Kengele, naye jina alilipenda, kwa kuwa alilitolea jasho. Kila king'ora kilicholia kwenye chumba cha kuongozea mitambo, ni yeye aliyekipanga kwenye kompyuta. Joto la maziwa likishuka chini ya nyuzi sabini na mbili, vali ijifunge na maziwa yarudi kuchemshwa. Tangi likikaribia kujaa, pampu izime. Gesi ya kupozea ikivuja, feni ziwake na king'ora kilie papo hapo. Ukimuuliza kwa nini hiki kinasubiri sekunde tatu na kile hakisubiri hata moja, ulijuta kuuliza, maana mchana wako uliishia hapo.

Ila Mzee Kengele alikuwa hasikii tena milio myembamba. Miaka kumi na minne alifanya kazi kwenye kompresa zinazonguruma, masikio kayaziba kwa pamba, huku vifunika masikio vya maana vimefungiwa kabatini kwa ajili ya wageni. Wageni! Watu wa kupita dakika kumi na kupiga picha! Kabati lile lilistahili mateke.

Nyumbani alimlaumu mkewe. "Siku hizi unaongea kama umeweka maji mdomoni."

"Maji yako masikioni kwako, baba watoto," mkewe alijibu, na ilibidi arudie mara mbili.

Kazini alijiokoa kwa ujanja. Mwaka baada ya mwaka alibadilisha milio kwenye programu, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, akaweka mizito anayoisikia. Wenzake walimtania kwamba chumba chake kinakoroma, wakaishia kucheka.

Kisha ikaja programu mpya, pamoja na mhandisi wake, binti mpole mwenye adabu zake. Kwenye programu hiyo, hatari ikizidi ukubwa, mlio unazidi wembamba. Gesi ikapewa mwembamba kuliko yote.

"Mwanangu, huo utawachosha watu. Weka mzito kidogo."

"Mzito unamezwa na kelele za mashine, mzee wangu."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha wenzake hivyohivyo.

Likabaki jaribio. Kila anayekalia kiti kile lazima azipe skrini mgongo, ataje kila king'ora kinapolia. Asiyesikia haachiwi roho za watu. Anapelekwa kuosha kreti, au nyumbani. Sheria hiyo Mzee Kengele aliipendekeza yeye, enzi masikio yake yakiwa mazima.

Wiki nzima aliwahi kazini kabla ya wenzake, akaongeza sauti hadi mwisho, akabonyeza mlio wa gesi na kubandika sikio kwenye spika. Alihisi spika ikitetemeka shavuni, basi. Roho ilimsinyaa. Kuosha kreti angeweza, lakini nani angemwita Kengele huko?

Akatafuta njia. Kwenye orodha ya jaribio, tangi lilitangulia, ikafuata pampu, halafu joto, na gesi ilikuwa mwisho. Milio mitatu ya mwanzo angeisikia, kwa shida lakini angeisikia. Baada ya hapo angehesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, aseme "gesi" kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Ilikuwa aibu kwa fundi wa umri wake kuibia mtihani, naye alilijua hilo, akajikausha.

Siku yenyewe akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa, akazipa skrini mgongo na kuutazama ukuta mtupu. Akasubiri tangi. Binti alikuwa kimya. Pengine alikuwa bado anafungua orodha, vijana na kompyuta zao. Akasubiri tena, kisha akatabasamu ili kumtoa hofu.

"Niko tayari, mwanangu. Anza tu."

Mhandisi alizunguka kiti, akasimama mbele yake, akainama. Alisema polepole, akipanua mdomo kwa kila neno.

"Mzee wangu, nimeanza na gesi. Inalia."