Mahali pa Kumwanzia Nzula Maundu

Ndulu alikuwa ameuza mapazia miaka mingi kabla hajawa msomaji, na hata kusoma kwenyewe kulimjia kupitia mapazia. Duka lake liko Noonkopir, hapo Kitengela. Ni chumba kimoja chenye cherehani mlangoni na majora ya vitambaa yaliyosimamishwa ukutani. Alizaliwa Makueni, akaolewa na Munguti, fundi wa nyaya za stima, wakahamia hapa wakati ng'ombe bado walikuwa wanalala katikati ya barabara bila mtu wa kuwapigia honi. Mtoto wao, Roy, siku hizi anafanya kazi Mombasa. Nyumba imebaki ya wawili, na jioni zake ni ndefu.

Siku moja aliitwa aende Tuala, kule Rongai, kupima madirisha ya mwalimu mstaafu aitwaye Gakuru. Mwalimu alikuwa amehamia nyumba ndogo, na vitabu vyake vilikuwa vimerundikwa sakafuni hata Ndulu akakosa mahali pa kusimamisha ngazi.

"Chukua chenye unataka, mama," mwalimu alimwambia. "Hii nyumba itafukuza vitabu ama itanifukuza mimi."

Ndulu alichukua kimoja kwa sababu kilikuwa chembamba na kingeingia kwenye mkoba pamoja na futi ya kupimia. Kilikuwa kitabu cha hadithi fupi cha Nzula Maundu, mwandishi wa siku hizi ambaye Ndulu hakuwa amewahi kumsikia. Kesho yake, akimngojea mteja dukani, alikifungua katikati, mahali kilipofunguka chenyewe.

Hadithi iliitwa "Bikoni". Mwanamume ananunua ploti, anaonyeshwa bikoni, yaani jiwe la mpaka, anafurahi. Asubuhi jiwe halipo. Analitafuta na kulikuta kwa mzee aliyemuuzia shamba, limejifunika shuka, linaota moto na kusikiliza hadithi. Analirudisha; kesho yake limeenda tena. Mwishowe jiwe linamwambia kwamba kule kwenye ploti hakuna mtu wa kuongea naye.

Ndulu alicheka mpaka Nashipae, anayeuza maziwa chumba cha pili, akaja kuchungulia.

"Mama Roy, uko sawa?"

"Niko sawa. Ni huyu mtu na jiwe yake."

Nashipae alitazama huku na huku, hakuona mtu wala jiwe, akarudi kwa maziwa yake.

Kutoka hapo Ndulu hakupumzika. Alikimaliza kitabu hicho, akatafuta vingine viwili vya Nzula Maundu, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kupenda zile hadithi ngumu. Aliyoipenda kuliko zote iliitwa "Mama wa Mlango". Mwanamke anajifungua mlango. Anauosha, anaupaka mafuta, anauimbia, na majirani wanazoea. Kisha usiku mmoja mtu anabisha kutoka upande wa pili, na mama lazima aamue kama atafungua. Kabla ya Roy, Ndulu alikuwa amempoteza mtoto mwingine, jambo ambalo yeye na Munguti hawakuwa wakilizungumza. Hadithi hiyo aliisoma mara nyingi akiwa peke yake, na kila mara aliinuka akiwa mwepesi kidogo.

Basi akataka watu wengine nao waipate.

Jumamosi alasiri wanawake kadhaa wa kanisa lao hukutana kwa Virginia kushona vitambaa vya makochi kwa sindano za uzi. Virginia ni mke wa mzee wa kanisa, mwenye nyumba kubwa na sauti inayotosha nyumba hiyo. Mikono ikishona, midomo huongea, na yale maongezi yalikuwa yameanza kujirudia. Ndulu akasema kwamba angeweza kuwasomea kitu, na wote wakakubali. Kwa kuwa mgeni hupewa kilicho bora, nao walikuwa wageni kwa Nzula Maundu, aliwapa "Mama wa Mlango".

Hakufika mbali.

"Ngoja, Mama Roy," Virginia alisema, sindano ikiwa imesimama hewani. "Huyu mtoto ni mlango? Mlango ya mbao?"

"Ni ya mbao, lakini si mbao tu."

"Na hakupelekwa hospitali?"

Ndulu alijaribu kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kusikika vibaya. Akaona afadhali aendelee kusoma. Mama wa hadithi alipokuwa akiupaka mlango mafuta, Nthenya, mke wa Ngigi, mwana wa Virginia, ambaye alikuwa mjamzito na siku zake zimekaribia, aliinuka ghafla, akaziba mdomo na kutoka nje. Virginia alimfuata. Aliporudi hakuketi.

"Hiyo kitu usiisome hapa tena," alisema. "Msichana ako karibu kuzaa, na wewe unamletea mambo ya milango."

Nashipae, aliyekuwa amekuja na Ndulu, alimsindikiza nyumbani.

Munguti alimkuta mkewe ameketi jikoni bila kuwasha taa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulianza na gani?"

"Ile nzuri kuliko zote."

"Na wewe mwenyewe ulianza na gani?"

Ndulu alilikumbuka lile jiwe. Alikuwa amesahau kabisa. Alikuwa amesoma hadithi za kila namna kabla ya kufika kwenye ule mlango, na sasa alikuwa amewachukua wanawake wa watu na kuwaweka mbele ya mlango huo moja kwa moja, kama kwamba nao walikuwa wametembea njia hiyo pamoja naye.

"Baba Roy, keti," alisema. "Nataka nikusomee kitu."

Munguti si mtu wa vitabu. Alijinyoosha kwenye kochi akiwa tayari kulala, na Ndulu akaanza "Bikoni". Jiwe lilipotoroka mara ya kwanza, Munguti alifungua jicho moja. Lilipotoroka mara ya pili, aliketi.

"Lakini huyu mwenye ploti ni mjinga," alisema. "Si angeenda kwa mzee na majani na sukari, wasalimiane vizuri? Unanunua kwa mtu halafu hurudi hata kumwamkia?"

"Wacha nimalize."

Alimaliza. Munguti akauliza kama kuna nyingine. Ndulu alimsomea ya harusi ya matangi mawili ya maji, ambapo upande wa bwana harusi unafika ukiwa mtupu kwa sababu ya kiangazi. Munguti alicheka hadi akakohoa.

Katikati ya wiki Ndulu alienda kwa Virginia kuomba radhi. Alibeba pazia dogo la chumba cha mtoto, la rangi ya manjano. Virginia alilipokea, akamkaribisha chai, lakini uso wake ulikuwa bado haujafunguka. Nthenya alitoka chumbani akitembea polepole, mkono kiunoni.

"Nthenya, nisamehe," Ndulu alisema. "Sikutaka kukutisha na ile hadithi."

"Kunitisha?" Nthenya alishangaa. "Sikuogopa. Nilitoka juu ya harufu ya samaki. Mama alikuwa ameacha omena kwa moto."

Virginia aliweka kikombe chini. "Omena yangu?"

"Nilishindwa kukwambia, mama. Hii mimba haitaki hata kuiona. Na nimekuwa nikijiuliza wiki yote kama huyo mama alifungua mlango."

Virginia alimtazama mkaza mwanawe, akamtazama Ndulu, kisha akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka, jambo ambalo Ndulu hakuwa ameliona mara nyingi.

"Haya," alisema alipotulia. "Kuja Jumamosi usome. Lakini utuanzie na kitu ya kucheka. Hiyo ya mlango ingoje mtoto afike."

Jumamosi ile Ndulu aliwasomea "Bikoni". Nashipae ndiye aliyecheka wa kwanza, kwa sababu babu wa watoto wake alikuwa ameuza ekari nyingi upande wa Isinya, na bado kila asubuhi alikuwa akienda kuzitembelea.

"Hiyo jiwe ingekuja kwetu, mzee angeipatia maziwa," alisema. "Na angeiuliza habari za ng'ombe."

Virginia alijizuia kwa muda. Mume wake alikuwa na kesi ya mpaka na jirani huko Matasia, na mpaka si kitu cha mchezo nyumbani kwao. Lakini jiwe lilipomwambia mwenye ploti kwamba halina mtu wa kuongea naye, kitambaa kilimwanguka magotini.

"Rudia hapo," alisema. "Rudia, nitamwambia Baba Ngigi hivyo hivyo."

Nthenya alijifungua msichana. Mtoto alipofika miezi mitatu, yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba ile hadithi ya mlango, akaisikiliza akinyonyesha. Safari hii hakuna aliyeuliza habari za hospitali. Ilipokwisha, Virginia aliinuka akaenda kuongeza maji kwenye chai, akakaa huko jikoni kitambo. Jioni hiyo Ndulu alimweleza Munguti kilichomfanya aipende hadithi ile. Munguti alimwambia jina ambalo moyoni alikuwa amempa yule mtoto wao wa kwanza. Ndulu hakuwa amelijua.

Habari za kikundi zilienea. Kina mama wa Kiserian walituma ujumbe kwamba nao wanataka kujua huyu Nzula Maundu ni nani na mtu anamwanzia wapi. Ndulu alisema "Bikoni", bila shaka yoyote. Nashipae alikataa.

"Kule ni soko ya mifugo," alisema. "Watu wa mifugo waanze na punda."

Hiyo ni hadithi ya punda wa maji anayekataa kubeba mitungi, kisha anaanza kubeba maneno ambayo watu wameshindwa kuambiana, akiyapeleka kwenye nyumba ambazo hayakukusudiwa. Ndulu huiona ya kawaida tu. Walibishana dukani, wakabishana wakipima pazia la mteja, hata mteja mwenyewe akaanza kutoa maoni.

"Basi utasoma wewe," Ndulu alisema mwishowe.

Nashipae hakuwa amewahi kusoma mbele ya watu. Kule Kiserian alisimama, akaamkia kwa Kimaasai, akaitikiwa, akaanza. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo. Punda alipofikisha ombi la posa kwa mjane mzee badala ya binti wa jirani, na mjane akakubali kabla hajaulizwa mara mbili, chumba kizima kililipuka, na Nashipae akalazimika kungoja ili aendelee. Alipoanza tena, alimpa punda sauti ya polepole, ya mtu aliyechoshwa na kazi ya watu.

Ndulu alikuwa ameketi nyuma karibu na dirisha, mikono imetulia mapajani. Hakuna mtu aliyekuwa amemsomea chochote tangu akiwa mtoto. Ile hadithi aliijua kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini alijikuta ameinama mbele kitini, akitaka kusikia punda angeenda nyumba gani.