Swali la Tatu

Mimi huandika hadithi za mapenzi. Nasema haraka kama anayeungama kwa padri, kwa sababu Butembo mwanamke akisema anaandika, watu hudhani anawaandikia wengine barua za kuomba kazi. Na hizo pia naziandika. Nina kompyuta moja na mashine ya fotokopi katika kibanda changu mtaani Mususa, kati ya fundi wa milango ya chuma na mama anayeuza mawese. Wateja wakipungua, nafungua faili yangu na kurudi mlimani.

Mlimani ndiko anakoishi mwanamume wa hadithi yangu. Ni mzimu wa theluji, bwana wa mvua, mwenye sauti nzito. Nilimpata kwa bibi yangu anayeishi Mavivi, karibu na uwanja wa ndege, siku moja tukichambua maharagwe. Kila ndege iliposhuka juu ya mapaa, bibi alinyamaza hadi ipite, kisha akaendelea. Zamani mvua ilikatika, wazee wakampeleka msichana mlimani awe mke wa mzimu. Mzimu akamuuliza mara tatu kama anataka kubaki.

"Na musichana alimupenda, bibi?"

Bibi alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Miye najua? Swali ya kwanza inajibiwaka na haya. Ya pili inajibiwaka na woga. Ya tatu njo inajibiwa na mutu mwenyewe."

"Na kwa ya tatu alijibu nini?"

"Chambua vizuri. Maharagi yako iko na mawe," akasema, na sikupata zaidi.

Basi nikajaza mwenyewe. Msichana wangu nilimpa nguvu za ajabu: ukurasa wa kwanza anasimamisha mto kwa kiganja. Kufika wa thelathini, hawezi kushuka hata kilima kidogo bila kuteleza na kudakwa na mzimu. Najua, na aliyemtelezesha ni mimi. Nilipojaribu kumwacha atembee salama, wasichana wa ushonaji wanaosoma karatasi zangu walinuna wiki nzima. Kisha nikapunguza maswali. Matatu yalikuwa yanachosha, nikabakiza moja. Mzimu anamshika kifundo cha mkono, anauliza, msichana ananyamaza, nami nikaandika: moyo wake ulikuwa umeshajibu.

Mdogo wangu, msomaji wangu wa kwanza, alipiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo. Nilidhani ameipenda, kwa hiyo sikumuuliza.

Ndipo akaja mchumba wake kutoka Kamango. Alikuwa mfanyabiashara wa kakao, mpole, mrefu, na sauti yake ilitoka chini kabisa kifuani. Nikiri yote: nilimpenda kwa niaba ya mdogo wangu. Niliona mzimu wangu amevaa koti na viatu vilivyopakwa rangi. Mdogo wangu mwenyewe alisema tu, "Eko muzuri," akarudi kwenye cherehani.

Kwetu mbuzi wa mahari hawapokelewi hivi hivi. Binti huletwa mbele ya wageni akiwa amejifunika kitenge, na baba yake humuuliza mara tatu kama mbuzi waliwe au warudishwe. Maswali mawili ya kwanza anatakiwa kunyamaza. Akijibu upesi, watasema alikuwa na haraka ya kuikimbia nyumba ya baba. La tatu ndilo lake. Akikubali atasema hapo, na akikataa pia ni hapo.

Siku hiyo, nyumbani kwa baba mjini Beni, mawingu yalikuwa yametanda, wali unapoa, mbuzi wanalia uani kushinda kelele za wageni. Baba akauliza, "Mutoto wangu, tuzikule mbuzi hizi, ao tuzirudishe?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua pindo la kitenge kwa kidole gumba. Matone ya kwanza yakagonga bati.

Shangazi akanigeukia, maana mimi ndiye dada mkubwa wa bibi harusi, nami nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. "Weye yaya yake, unamujua. Ni haya, ao ni nini?"

Nilikitazama kile kimya na nikaona nakijua. Si nilikiandika mwenyewe?

"Ni haya tu, shangazi. Moyo yake imeshajibu."

Watu wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele, mtu akafungua kamba za mbuzi. Swali la tatu halikuulizwa. Mdogo wangu aliinua macho akanitazama mara moja tu. Mpaka leo sijui jicho lile lilikuwa la shukrani au la kitu kingine, na nimelitafuta kwenye kila picha ya siku ile.

Mwaka ukapita. Alikuja kunitembelea kibandani, amenenepa, ana sandali mpya. Mume ni mzuri, alisema. Hanipigi, haninyimi kitu. Nikafurahi, halafu nikajiuliza mbona amehesabu mambo ambayo hakufanyiwa. Nilikuwa nikimtolea mzee mmoja fotokopi ya kadi ya uchaguzi, na yeye anapekua karatasi zangu za zamani.

"Yaya, hapa ulikata."

"Nilikata nini?"

"Bibi anasemaka mulima iliuliza mara tatu. Weye umeandika moja."

"Lakini basomaji balikuwa banachoka."

"Miye sikuchoka. Nilikuwa nangojea ya tatu."

Nilitaka sana kuamini kwamba anazungumzia hadithi. Mzee alichukua kadi yake akaenda zake. Nikamuuliza mdogo wangu polepole, "Na ungelijibu nini?"

Alizilinganisha zile karatasi kwa kuzigongagonga mezani, akaziweka chini. "Karatasi imeisha mu mashine yako," akasema. Nikatazama, na kweli ilikuwa imeisha.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sijui wangesema nini juu ya anayemjibia mwenzake. Labda angekubali. Labda maisha yake yangekuwa haya haya, na sandali hizi hizi. Nikifika hapo najiona sina kosa, na dakika moja baadaye naona nina kosa lote.

Nimeyarudisha maswali yote matatu kwenye hadithi. Baada ya la tatu nimefungua alama za kunukuu, na ndani yake hamna kitu. Wasichana wa ushonaji wanakuja kila juma kuuliza alijibu nini. Nawaambia sijui. Wananicheka: mwandishi gani huyu? Kamuulize mwenyewe!

Ningemuuliza. Lakini nilishamjibia.