Mfuniko wa Sufuria la Mtaa

Watu wa Makorora, mjini Tanga, walikuwa wakisema fundi Uweso ana masikio. Gari likipita barabarani, yeye akiwa amekaa na kikombe chake cha kahawa, angekwambia plagi ya tatu haichomi, na ukienda kufungua utaikuta kweli haichomi. Sifa hizo zilimtosha kwa miaka mingi. Balaa lilianza siku alipotaka asifiwe na mikono pia.

Ilikuwa mwaka themanini na tano. Sabuni ilipatikana kwa foleni, na ukitaja spea watu wanakucheka. Fundi wa miaka ile alilibembeleza gari mpaka likubali kuwaka. Mteja mkubwa wa Uweso alikuwa Mufaddal, Bohora mwenye duka la misumari na rangi kule Usagara. Alikuwa kijana mpole, hana makuu, ila mashindano ya magari yalikuwa yamemkaa kichwani. Alikuwa na Datsun yake moja, na Jumamosi za mashindano alikuwa hali wala halali kwa ajili yake.

Mwaka huo ndugu yake akamletea kabureta mbili kutoka Mombasa. Datsun ilikuwa na kabureta moja, na manifodi yake, lile bomba lenye matawi manne linalopeleka hewa na petroli kwenye injini, lilikuwa na mdomo mmoja tu. Hizo mbili zingekaa wapi? Mufaddal akasema ataagiza manifodi nyingine Nairobi, ingawa hakuna aliyejua ingefika lini. Gereji ilikuwa imejaa watu. Uweso akajifuta mikono, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nairobi kuna nini, Bwana Mufaddal? Nipe wiki tatu, nitakumiminia mimi."

Neno limeshatoka, utalirudishaje? Akachonga umbo kwa mti wa mninga. Matawi akayafanya mafupi na mapana kuliko yale ya zamani, ili hewa iingie bila kujikwaa. Akachanganya mchanga wa mtoni na udongo wa kichuguu, akatengeneza kalibu ya kumiminia. Pistoni mbovu zote za aluminiamu alizokuwa amezirundika kwa miaka akaziyeyusha, akamimina. Kalibu ikapasuka. Aluminiamu ikamwagika chini, ikachanganyika na mchanga na majivu, ikawa haifai hata kwa kijiko. Akazunguka mji mzima akitafuta nyingine, kila gereji wakamwambia hawana. Kwenye shamba moja la mkonge walimwahidi vyuma chakavu mwezi unaofuata. Wiki iliyobaki ilikuwa moja.

Sasa, nyumbani kwao, kwenye stoo ya mama yake, kulikuwa na sufuria la mtaa. Wanawake wa mtaa ule walichangishana mwaka sitini na tisa, wakanunua sufuria zito la aluminiamu ambalo kulibeba ni watu wawili. Kila harusi, kila hitima, kila maulidi, wali ulipikwa humo. Waliliweka kwa Bi Sabiha, mama yake Uweso, kwa sababu katika mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyeaminika kumshinda. Stoo haikuwa na kufuli. Nani angeiba kitu ambacho ni chake?

Ijumaa moja Bi Sabiha alikuwa Pangani kwenye msiba, wanaume wote wamekwenda msikitini. Uweso hakwenda. Alilikokota sufuria mpaka uani, akalifunika gunia ili lisipige kelele, akalivunjavunja kwa nyundo. Kitakoni palikuwa na kiraka kipya, alichokiweka Tadeo, Mbondei mmoja aliyepanga chumba mwanzo wa mtaa na kuishi kwa kuziba masufuria ya watu. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba nyundo ilipata taabu nacho. Uweso akajiambia hii ni azima tu: vyuma vya shamba vikifika atamimina sufuria jingine, na wala hakuna atakayejua. Aliyasema hayo kwa sauti, peke yake, na alipoisikia sauti yake akaona haya. Lakini moto ulikuwa umeshakolea.

Safari hii kalibu haikupasuka. Ilitoka manifodi nzuri, haina povu hata moja. Aluminiamu iliyozidi aliimimina puli ya pampu ya maji, akaiuza, ikaenda zake. Siku nne alipiga tupa na msasa ndani ya matawi yale, akiingiza kidole na kupapasa, mpaka kidole kikawa hakikuti pa kukwama. Alipofunga kabureta mbili na kuiwasha Datsun, ilitoa sauti ambayo hakupata kuisikia kwa gari lolote Tanga. Akasahau kabisa lile gunia uani.

Jumamosi ya mashindano Datsun iliwaacha wote kwenye barabara ya vumbi katikati ya mikonge. Mufaddal alishuka akilia. Alimvisha Uweso shada la asumini mbele ya watu, akasema ushindi huu ni wa mikono ya mtu huyu. Kisha kwa wema wake, na hili ndilo Uweso hakuwahi kulifikiria, akatuma Makorora gunia la mchele na mbuzi wawili. Fundi wake asherehekee na mtaa wake. Mwaka ule wa njaa, gunia la mchele! Wanawake walipiga vigelegele, kuni zikapangwa, mafiga yakatengwa, vijana wawili wakatumwa stoo kwa Bi Sabiha wakalete sufuria.

Wakarudi mikono mitupu.

Bi Sabiha aliingia mwenyewe, akatoka, akaingia tena. Alipotoka mara ya pili uso wake ulikuwa umebadilika. Alihesabu waliowahi kuingia stoo ile mwaka huo: yeye, mwanawe, na Tadeo aliyekuja kuweka kiraka. Akasema mbele ya wote, "Mwanangu ni mwanangu. Aliyeingia humu na si mtu wa humu ni Tadeo peke yake." Uweso alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, shada lingali shingoni. Neno moja tu lilitakiwa. Alifungua mdomo, akaona watu walivyokuwa wakimwangalia kwa fahari, akaufunga.

Tadeo alipopata habari alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Shikamoo, Mama," akasema. "Sufuria sikulichukua."

Bi Sabiha, ambaye hata watoto watukutu hakukosa kuwaitikia, aligeuza uso akaendelea kuchambua mchele. Tadeo alingoja kidogo, kisha akavaa kofia yake akaondoka. Pilau ilipikwa kwa masufuria madogo saba ya kuazima. Uweso alikula kwa sababu watu walikuwa wakimtazama.

Baada ya siku ile hakuna mwanamke aliyempelekea Tadeo sufuria la kuziba. Ilikuwa ndiyo miaka ya kuwasaka wezi na walanguzi, na jina la mwizi likikushika halibanduki. Baada ya mwezi alifunga virago vyake akahama. Vyuma vya shamba la mkonge havikuja kamwe, na hata vingekuja, Uweso angemwambia nani kwamba sufuria limejirudia lenyewe?

Wateja walimiminika kwake. Kila aliyekuja alitaja ile manifodi, na kila ilipotajwa Uweso aliinama ndani ya injini, akajifanya anatafuta spana. Waliona ni unyenyekevu. Wakamsifu na kwa hilo.

Miaka ikapita, milango ya biashara ikafunguliwa. Mwaka tisini na nne Usagara ilikuwa imejaa injini kamili kutoka Japani, zimepangwa kwenye vibanda, na masufuria ya kila ukubwa yananing'inia madukani. Mufaddal, sasa mtu mzima mwenye mvi, alinunua Toyota iliyokuja na kila kitu chake. Datsun akaiuza vipande. Kabla ya kuiuza alifungua manifodi kwa mkono wake, akaifunga kwenye gazeti, akaja nayo gereji. Hakuona haki mtu mwingine aimiliki. "Weka, fundi," akasema. "Hii ni heshima yako."

Uweso aliipokea ikawa nzito kuliko alivyoikumbuka. Kwa siku tatu aliiacha mezani bila kufungua gazeti. Siku ya nne akawasha moto, akaiyeyusha. Alitaka amimine sufuria, lakini sehemu kubwa ilikuwa imekwenda na ile puli na takataka za kalibu. Iliyobaki ilitosha mfuniko tu. Akaumimina mfuniko mpana, wa kipimo cha lile sufuria la zamani, akausugua mpaka ukang'aa, akampelekea mama yake.

Bi Sabiha alikuwa amezeeka, macho yamepungua nguvu. Aliupapasa mzunguko mzima kwa viganja. "Mfuniko wa sufuria gani mkubwa hivi?" akauliza.

Uweso akamwambia. Alianzia Ijumaa ile na gunia mpaka shada la asumini, hakuacha kitu. Alitegemea atatukanwa. Alitamani atukanwe. Mama yake aliweka mikono juu ya mfuniko, akasema kwa sauti ndogo, "Mtu alinipa shikamoo, nikamnyima. Miaka tisa nimeswali na hiyo." Akauliza Tadeo yuko wapi siku hizi.

Yuko Muheza, sokoni. Uweso alijua. Alikuwa amemwona mara mbili akigonga mabati chini ya kibanda, na mara zote mbili alivuka upande wa pili wa barabara. Na hilo pia akamwambia mama yake.

Bi Sabiha akaagiza buibui lake. Walifika Muheza kabla ya adhuhuri, Uweso amebeba ule mfuniko. Tadeo aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake, akamtambua mama yule, akasimama. Akavua kofia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Sabiha, na machozi yakaanza kumtoka. "Marahaba, na ile ya siku ile nayo, marahaba. Aliyelichukua lile sufuria ni huyu."

Tadeo akamtazama Uweso. Akavuta kigoda, akakipangusa vumbi ili Bi Sabiha akae, akaketi chini karibu yake kumsikiliza. Kigoda kilikuwa kimoja. Uweso alibaki amesimama juani na mfuniko wake mkononi, watu wa soko wakipita na kumtazama, na safari hii hakuwa na injini ya kuinamia.