Salamu za Mashine ya Masweta

Kiwandani wanamwita Mama Mitambo. Kila asubuhi, hata mtandio hajavua, huiwekea kiganja ubavuni ile kompyuta inayoongoza mashine ya kufuma masweta, kama anayepima homa ya mtoto. Huipangusa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, hubonyeza nyaya moja moja kwa vidole vilivyounguzwa na lehemu, huku akinong'ona, "Taratibu, mzee, hatukimbizwi." Kisha husimama mbele ya kioo cha kompyuta kwa namna ambayo hakuna mwingine awezaye kukisoma, ndipo anaiwasha.

"Hii imekula chumvi nyingi, mama," meneja humwambia. "Prosesa yake haitengenezwi tena."

"Na sweta je, imewahi kuharibu?" humjibu, na mazungumzo huishia hapo.

Juzi meneja alikuja na muuzaji wa kompyuta mpya, mtu wa maneno matamu, akazisifia zake hadi koo likamkauka. Mama Mitambo alimsikiliza mpaka mwisho, kiganja kikiwa palepale ubavuni.

"Hiyo yako ukiiwasha, inasemaje?"

"Haisemi kitu, mama. Inaingia kazini moja kwa moja."

Akatikisa kichwa polepole, akageuka, akaiwasha ile kuukuu. Safari hii alisahau kukikinga kioo, na wote wakayaona maneno ambayo marehemu mumewe, aliyeipangia kompyuta hiyo kazi zake, aliyaweka humo enzi za uhai wake: UMELALAJE, BIBIE?

"Salama," akajibu kwa sauti ya chini. "Ila leo tuna wageni."